Mtumba na mzigo wa mawazo: kazi siyo inayochosha zaidi

Julai 2016, akiwa Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itahamia huko kabla kipindi chake cha kwanza hakijaisha. Uamuzi wenyewe ulikuwa mkongwe. TANU, chama tawala cha wakati huo, iliupitisha mwaka 1973, ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, na vizazi viwili vya watumishi wa umma vikaendelea kuishi Dar es Salaam vikijua kwamba kuhama ni habari ya kesho. Safari hii kesho ilifika kweli. Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alihamia Septemba mwaka huohuo, Makamu wa Rais Desemba 2017, na Aprili 2019 ukazinduliwa Mji wa Serikali pale Mtumba, kilomita kama 17 mashariki ya katikati ya jiji, kando ya barabara iendayo Morogoro.

Nyuma ya tarehe hizo kuna maelfu ya barua za uhamisho. Barua zilifanana, walioandikiwa hawakufanana. Yupo aliyenunua kiwanja Nzuguni, akaleta mke na watoto, na leo hataki hata kusikia habari za foleni ya Dar. Yupo aliyeanza kumeza dawa za presha kabla mwaka haujaisha. Kilichowatenganisha hawa wawili ndicho makala haya yanachokitafuta. Nakitafuta Mtumba kwa sababu ni vigumu kupata mahali pengine nchini, tangu operesheni za vijiji za miaka ya 1970, ambapo watu wengi hivyo walibadilishiwa maisha kwa agizo moja, bila vita wala mafuriko.

Tuanze na mwili, maana huko ubishi ni mdogo. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard alieleza kinachotokea mnyama anapotishwa: tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, moyo huenda mbio, sukari huingia kwenye damu, tumbo husimamisha kazi yake, na mnyama yuko tayari kupigana au kukimbia. Mwaka 1936 Hans Selye, akifanya kazi Montreal, aliona jambo jingine kwa panya wa maabara. Ukimweka kwenye baridi, ukimpa sumu au ukimchosha kupita kiasi, mwili wake hutoa jibu lilelile: tezi za juu ya figo huvimba, viungo vya kinga husinyaa, tumbo hupata vidonda. Baadaye ilijulikana kwamba mhusika mkuu katika hatua hiyo ndefu ni homoni iitwayo kotisoli. Dharura ya dakika kumi haimdhuru mtu mwenye afya, na pengine humsaidia. Aliyewahi kumaliza bajeti ya wizara usiku wa mwisho kabla ya kuwasilishwa bungeni anaijua nguvu hiyo. Madhara huja dharura isipokwisha. Usingizi hukatika, presha hupanda na kubaki juu, sukari huvurugika, mtu hukasirika kwa jambo dogo asijue kwa nini.

Hadi hapo tunajua mwili unavyojibu. Hatujajua kwa nini mwili wa huyu unajibu kwa wiki moja na wa yule kwa miaka mitatu.

Jibu la kwanza lilikuwa la kuhesabu mabadiliko. Mwaka 1967 madaktari wawili wa Marekani, Thomas Holmes na Richard Rahe, walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja na alama zake. Kufiwa na mwenzi kulipewa 100, ndoa 50, kuhama nyumba 20. Mwenye alama nyingi ndani ya mwaka mmoja, walisema, yuko kwenye hatari zaidi ya kuugua. Mpe orodha hiyo mtumishi aliyehamia Dodoma mwaka 2017 naye ataweka tiki mpaka achoke: kazi imebadilika, nyumba imebadilika, shule ya watoto imebadilika, mkopo upo, muda wa kulala umebadilika, kanisa au msikiti ni mwingine, marafiki wamebaki pwani. Orodha haikukosea, ila haitoshi. Wawili wetu wa mwanzo wangepata alama zilezile.

Jibu la pili, ambalo wataalamu wengi wanalishika hadi sasa, ni la Richard Lazarus na Susan Folkman katika kitabu chao cha 1984. Kwa maoni yao msongo hauko ndani ya tukio wala ndani ya mtu, bali katika hesabu anayoipiga mtu mwenyewe: je, jambo hili linanitishia? Na je, nina nini mkononi cha kulikabili? Anayejiona ana fedha kidogo akibani, ndugu wa kumpokea na ujuzi wa kazi, huichukua barua ileile kama usumbufu. Asiye na kitu mkononi huiona kama kuporomoka. Lazarus na Folkman waligawa pia njia za kukabili msongo katika mafungu mawili: kumshughulikia aliyewasha moto, yaani chanzo, na kushughulikia hisia zinazotokana nacho. Mgawanyo huu tutauhitaji mbele.

Lakini kwa mji wa makarani, madereva, maofisa na wakurugenzi, utafiti unaogusa zaidi ulifanyika London. Whitehall ni mtaa wa wizara za Uingereza, Mtumba yao kwa namna fulani. Kuanzia 1967 watafiti walifuatilia wanaume zaidi ya 17,000 waliokuwa watumishi wa serikali huko. Mwaka 1985 wakaanza kundi jipya la wanaume na wanawake 10,308. Mtafiti aliyejulikana zaidi katika kazi hiyo ni Michael Marmot. Watu walidhani wakubwa ndio watakaoonekana kufa kwa moyo, kwa kuwa ndio wenye maamuzi mazito na simu zisizolala. Ikawa kinyume. Wanaume wa ngazi ya chini kabisa walikuwa na vifo vya ugonjwa wa moyo karibu mara tatu kuliko wa ngazi ya juu, na kila ukishuka daraja hatari ilipanda. Sigara na chakula vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo. Sehemu kubwa ya iliyobaki ilihusiana na uwezo wa mtu kuamua kazi yake ifanyikeje, lini, na kwa mwendo gani.

Hapo ndipo Mtumba inapoanza kueleweka. Dereva wa mkurugenzi hana kazi nyingi kwa saa. Ana saa nyingi ambazo si zake. Anaweza kukaa kwenye gari tangu saa kumi jioni hadi saa tatu usiku asijue kikao kinakwisha lini, na mtoto anamsubiri nyumbani Ipagala na daftari la hesabu. Karani anayesubiri saini ya mtu ambaye yuko safarini hachoki kwa wingi wa mafaili. Anachoshwa na kuulizwa kila siku na mwenye shida jambo ambalo yeye hana mamlaka nalo.

Na wakubwa je? Tanzania ina jambo ambalo watafiti wa London hawakulipima sana. Mteule wa hapa anaweza kuwa na gari, ofisi yenye zulia na watu mia chini yake, kisha akasoma kwenye simu taarifa fupi ya Ikulu kwamba uteuzi wake umetenguliwa. Cheo kikubwa na uamuzi mdogo juu ya kesho yako vinaweza kukaa kwenye kiti kimoja. Miaka ya 2016 na 2017, wakati neno kutumbuliwa, yaani kuondolewa kazini, lilipokuwa midomoni mwa kila mtu, hofu hiyo ilishuka hadi chini. Aprili 2017, hapohapo Dodoma, Rais alikabidhiwa ripoti ya uhakiki iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Sina huruma na cheti cha kughushi. Hata hivyo uhakiki ule uliwakalisha roho juu hata wenye vyeti halali, maana aliyepoteza karatasi ya kidato cha nne miaka ishirini iliyopita hakuwa na njia ya kuharakisha majibu ya uhakiki. Mitaani watu walikuwa wakisema vyuma vimekaza, na hawakuwa wakizungumzia fedha peke yake.

Fedha, kwa kweli, ndiyo mlango ambao msongo wa mtumishi hupitia mara nyingi. Taratibu zinataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake baada ya makato. Mtu mwenye mkopo wa benki, mkopo wa elimu ya juu na SACCOS anaishi kwenye theluthi hiyo. Sasa mhamishe. Anaendesha nyumba mbili, ya Dar alikobaki mwenzi mwenye ajira na ya Dodoma anakolala peke yake. Fedha za uhamisho zikichelewa, na malimbikizo ya madai ya watumishi ni wimbo wa miaka mingi nchini, atakopa mahali pengine. Huko kwingine kuna mikopo ambayo Watanzania wameipa jina lake halali, kausha damu: mkopeshaji huchukua kadi ya benki ya mkopaji pamoja na namba ya siri, na siku ya mshahara yeye ndiye anayetangulia kwenye mashine. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mwenye shida ya leo jioni haulizi leseni.

Tungekuwa tunadanganya, hata hivyo, tukiuzungumzia mji huu kana kwamba ulianza walipofika wenye suti. Mtumba ilikuwa vijiji na mashamba ya Wagogo. Nchi yao hupata mvua ya msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na mvua ikikatika Februari uwele na mtama hunyauka mbele ya macho. Kumbukumbu ya Ugogo imejaa njaa zenye majina. Ile kubwa, Mtunya, ilikuja mwishoni mwa Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza kuchukua ng'ombe, nafaka na wanaume wa kubeba mizigo. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu kama 30,000 walikufa katika wilaya ya watu kama 150,000. Halafu ikaja Operesheni Dodoma ya 1970 na 1971, kaya zikahamishiwa vijijini kwa amri. Kisha CDA na migogoro yake ya ardhi na wenyeji, hadi ilipovunjwa Mei 2017. Mtumishi aliyelia kwa kuhamishwa alikuja kuwa jirani wa watu ambao kuhamishwa kwao ni historia ya familia.

Watu hawa walikabili vipi? Si kwa kuvuta pumzi kama inavyofundishwa kwenye semina za msongo. Waligawa hatari: ng'ombe wachache wako kwa rafiki upande wa pili wa bonde, ili ugonjwa au ukame usiwakute wote pamoja. Walikwenda kuhemea, yaani kutafuta chakula kwa ndugu na kwa majirani waliobahatika mvua, wakijua mwaka mwingine zamu itageuka. Walioana mbali. Kila njia hapo inampa mtu kitu cha kushika siku mambo yakiharibika. Siipambi hali hiyo. Mtunya iliwaua watu hao wenye mbinu hizo, kwa sababu vita vilikuwa vimebeba ng'ombe wenyewe. Na leo mwenyeji aliyeuza shamba lake lote, fedha zikaisha kwenye bati na pikipiki, amepoteza ile akiba ya mahusiano na ardhi ambayo babu yake aliitegemea. Jiji limekua kutoka watu 410,956 mwaka 2012 hadi 765,179 kwenye sensa ya 2022. Msongo wa mwenyeji huyo hauonekani kwenye semina yoyote ya wizara.

Turudi kwa watumishi na njia zao. Wengi hukabili kwanza kwa kukimbia, na si kosa. Ijumaa jioni nusu ya moyo wa Mtumba uko njiani kwenda Dar es Salaam. Zamani ilikuwa safari ya basi ya saa nane au tisa, unafika usiku na Jumapili unageuza ukiwa hoi. Tangu Julai 25, 2024 treni ya reli ya kisasa inafika Dodoma, na safari imeshuka hadi saa tatu au nne hivi. Nathubutu kusema treni hiyo imepunguza mawazo ya watu wengi kuliko mada zote za afya ya akili mahali pa kazi zilizowahi kuwasilishwa kwa projekta. Haikumfundisha mtu namna ya kuwaza. Ilimrudishia Jumamosi na watoto wake.

Baa ipo, na mvinyo wa zabibu za Dodoma upo, na mkeka wa kubeti upo kwenye simu. Hizi ni njia za kushughulikia hisia, na kwa usiku mmoja hufanya kazi. Kubeti kuna hila ya ziada: kunampa asiye na uamuzi juu ya chochote dakika tisini za kujiona anaamua. Ndiyo sababu kunamshika zaidi aliyefungwa na madeni, na ndiyo sababu kunamwongezea. Pombe nayo huvunja usingizi uleule ambao mtu aliinywea aupate.

Ibada ni jambo zito zaidi. Wapo wanaoipuuza kama dawa ya kutuliza tu, nami nadhani hawajakaa kwenye jumuiya ndogondogo ya Kikatoliki, kwaya ya Kianglikana au darsa la akina mama. Mgeni wa Dodoma asiye na ndugu, akilazwa, wanaofika na uji ni hao. Vikoba vivyo hivyo. Kundi la watu ishirini au thelathini wanaoweka hisa kila wiki humpa mtu mkopo bila kumnyang'anya kadi, na pia humpa mahali ambapo kutofika kwake kutaulizwa. Halafu kuna utani. Mgogo na Mnyamwezi wanaweza kutupiana maneno mazito ukumbini, hata msibani, na hakuna anayenuna. Ofisini, utani wa makabila huwawezesha watu kusema yasiyosemeka kwenye kikao. Una mpaka wake: mhudumu hamtanii katibu mkuu.

Kuna mlango mmoja unaopaswa kuwa wazi na watu wengi hawaupiti. Hospitali ya Mirembe, moja ya hospitali kongwe za afya ya akili nchini, imekuwa Dodoma tangu 1927, ndani ya jiji hilihili la wizara. Lakini kwa Watanzania jina lake ni tusi na mzaha. Ukimwambia mtu aende Mirembe umemaliza mazungumzo. Matokeo yake ni kwamba mtu asiyelala kwa miezi miwili huenda duka la dawa, kisha kwa mwombezi, kisha kliniki ya presha, na mtu wa mwisho kufikiriwa ni yule aliyesomea shida yake. Anaogopa kuonekana getini.

Wazimbabwe walikuta tatizo hilohilo wakalizunguka. Kuanzia 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wahudumu wa afya wa Harare wakae kwenye benchi la mbao nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Bibi hamwambii mtu apumzishe akili. Anamwomba ataje shida zake, achague moja, kisha wanatafuta pamoja hatua inayowezekana wiki hiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, wenye wagonjwa 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliopitia benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umefika Malawi na Zanzibar. Ukiuangalia vizuri, dawa yake ni kumrudishia mtu uamuzi, hata kama ni uamuzi mdogo wa kwenda kuzungumza na mwenye nyumba.

Hoja hii ina mpaka nao lazima utajwe. Zipo shida ambazo chanzo chake hakishikiki. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, kaskazini mwa Uganda, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki utafiti wa mpango wa Shirika la Afya Duniani: vikao vitano vya kusikiliza sauti iliyorekodiwa, wakifundishwa kuyaacha mawazo mazito yapite bila kupigana nayo na kuzingatia yale wanayoyathamini. Hawakurudishiwa nchi yao, na bado dhiki yao ilipungua miezi mitatu baadaye. Kwa mfiwa na kwa mkimbizi, kutuliza hisia ni kazi kamili. Ninapopingana na semina za kuvuta pumzi ni pale zinapotolewa na mwajiri yuleyule anayeshikilia fedha ya uhamisho.

Na mwajiri anaweza kubadilika. Robert Sapolsky wa Marekani alitumia miaka mingi kuwachunguza nyani wa Maasai Mara nchini Kenya. Kundi moja lilikuwa na madume wababe waliowaonea wanyonge, na wanyonge hao mwili wao ulionyesha dalili zote za msongo sugu. Miaka ya 1980 wababe waliokuwa wakijipatia mabaki ya nyama kwenye jalala la hoteli ya watalii walikufa kwa kifua kikuu. Waliobaki walikuwa wapole, na utaratibu wa upole ukaendelea hata madume wapya walipohamia kutoka makundi mengine. Wanyonge wakaacha kuonyesha zile dalili. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2004. Mimi nisingependa kulinganisha wizara na kundi la nyani, ila ukweli kwamba daraja la chini linaweza kubaki chini bila kuugua ni wa kutiliwa maanani na kila mwenye watu chini yake.

Kwa hiyo madai yangu kwa Mtumba ni ya kawaida mno. Mtumishi asihame kabla fedha yake ya uhamisho haijaingia. Wanandoa wote wawili wakiwa watumishi, barua zao zitoke siku moja. Dereva na karani waambiwe asubuhi siku itaisha saa ngapi, na isipowezekana waambiwe kwa nini. Mshauri wa afya ya akili akae kwenye jengo ambalo mtu anaweza kuingia akiwa na faili kwapani bila kuulizwa anakwenda wapi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mfadhili.

Dai jingine moja linasubiri Bunge. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai, kwa hiyo aliyefikia mwisho wa uvumilivu ana sababu ya kumwogopa polisi kabla hajamfikia daktari, na familia yake ina sababu ya kuficha. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu kama hicho nchini humo kinakwenda kinyume cha katiba. Wabunge wetu wanakutana Dodoma, katika jiji lilelile la Mirembe. Wakifute.